Mshipi Ukitolewa, Mshipa Hubaki

Jina analo, na ni zuri, lakini katika miaka tisa niliyofanya kazi chini yake sikumsikia mtu akilitumia. Kwa mlinzi wa lango, kwa wanafunzi, hata kwa wakubwa wa chuo waliokuja maabara kupigwa picha na kuondoka, alikuwa Bi Fundi. Kwenye karatasi za ajira alikuwa fundi wa maabara wa daraja la kati, chini ya watu ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kufungua chupa bila kuichafua. Jambo hilo lilinikera mimi kuliko lilivyomkera yeye. Mimi ni mtu wa kukereka upesi, afadhali niseme mapema.

Tulikuwa Kisauni, katika vyumba viwili nyuma ya chuo, na kazi yetu ilikuwa kulea nyama. Nyama hai, iliyotokana na seli za moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa. Mayai yalitoka kwa mfugaji mmoja wa Kiembeni. Seli zikilala tabaka moja kwenye kisahani, juu yake maji ya mlo yenye rangi ya waridi, baada ya siku mbili tatu huanza kupiga zenyewe kama moyo, na kuku hayupo. Tulichotaka ni donge nene la nyama ya namna hiyo, ili dawa za moyo zijaribiwe juu yake kabla hazijampata mnyama wala mtu. Wenzetu wa vyuo vingine husema kukuza seli, au kuotesha. Bi Fundi alisema kulea, na aliyesema vingine mbele yake alisahihishwa. "Mchicha ndio huoteshwa," alisema. "Hizi zala, zapumua, zachafuka, zataka kusafishwa. Huko ni kulea."

Mwaka huu madaktari walimwambia mguu wake wa kushoto ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu ya kidonda itapanda na kumuua. Alikataa. Alikataa wiki ya kwanza, akakataa ya pili, na wiki ya tatu bintiye akanipigia simu mimi, nisiye ndugu, nisiye hata wa dini yao, mtoto wa watu wa bara niliyezaliwa Changamwe. "Dada, tafadhali, ndoo wewe, uje useme naye," alisema. "Angalikuwa yuwatusikiza sisi, nisingalikusumbua." Nitafika huko. Lakini huwezi kuelewa kwa nini niliogopa kwenda kama hujui alikuwa mtu wa namna gani, na alinifunza nini kuhusu nyama inayokosa hewa.

Shida yetu maabara ilikuwa moja, nayo ni rahisi kuieleza. Seli zilizolala tabaka moja hupata kila kitu. Sukari na hewa zinashuka kutoka kwenye maji ya mlo, uchafu unapanda na kuondoka. Zirundike ziwe donge, mambo hubadilika. Walio nje hula kwanza. (Bi Fundi alizisema seli kama watu, nami nimeambukizwa.) Sukari hujikokota ndani kidogo, lakini hewa haikai kwa wingi majini, kwa hiyo ndiyo huisha mwanzo. Walio nje huivuta yote kabla haijafika kati. Donge likizidi unene wa nywele mbili tatu, waliomo katikati hukosa pumzi, huzama katika uchafu wao wenyewe, hufa. Ubaya ni kwamba nje hapaonyeshi kitu. Donge linapiga, linang'aa, ukilitazama kwa hadubini unamshukuru Mungu, kumbe ndani ni maiti.

Somo hilo aliwapa wanafunzi wapya kwa mkate wa sinia. Aliuoka kwake Mishomoroni, akauharibu makusudi, moto mkali juu na muda mfupi. Ukaja rangi ya dhahabu, unanukia iliki. Alimkatia kila mmoja kipande cha pembeni, wakasifu, wakalamba vidole. Kisha akawakatia cha kati, unga mbichi tupu. Wengine walitema. "Sasa mwajua," akasema. "Asiyekata kati asinambie habari za mkate." Mwaka wangu mimi nilikimeza kile kibichi kwa adabu, naye akaniona. Nadhani alianza kunitilia shaka siku ile.

Dawa ya shida hiyo aliijua kila aliyesoma mwili wa mtu. Sisi tu wanene, na bado hatuozi ndani, kwa kuwa mishipa ya damu imetupitia kila mahali na hakuna seli iliyo mbali na mshipa. "Nyama yataka ndia," alisema Bi Fundi, kwa Kimvita cha kwao, sisi wengine tukisema njia. Wenye fedha huko duniani wana mashine za kuchapa njia hizo. Sisi tulikuwa na kabati la joto ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Basi yeye akafikiri mshipi, ule uzi mwembamba wa kuvulia samaki. Unaitandaza mishipi sambamba ndani ya kikasha, karibu karibu, unamimina ute uliochanganywa na seli, unasubiri ute ugande, kisha unaivuta mishipi mmoja mmoja. Palipokuwa na uzi panabaki tundu, na tunduni humo unapitisha maji ya mlo kwa pampu ndogo. "Mshipi ukitolewa, mshipa hubaki," alisema, akacheka peke yake, maana sisi tulikuwa bado hatujaelewa.

Akaandika ombi kwa karani wa ununuzi: mshipi mwembamba kabisa, mita mia. Karani alikuwa kijana mpole kutoka bara, mgeni wa pwani, na huko kwao mshipi ni kitu kimoja tu. Baada ya wiki mbili alikuja na mikanda miwili ya kike ya kiunoni, ngozi nyeusi, myembamba kweli, akaomba radhi kwamba wa mita mia hakuupata popote. Mimi nilishafungua mdomo kumpa maneno yake. Bi Fundi akanitangulia. Aliipokea mikanda kwa mikono miwili, akamshukuru, akamwombea dua, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini? Hakukosa yeye. Nimekosa mie, sikuandika wa kuvulia."

Kesho yake alikuja amejifunga mmoja wa mikanda ile juu ya koti jeupe la maabara, na aliufunga hivyo mpaka alipostaafu. Karani kila akipita alitabasamu, akidhani alikuwa amemnunulia Bi Fundi kitu alichokitamani. Mshipi wenyewe, wa kuvulia, aliununua Bi Fundi dukani, ule mwembamba wa watoto kuchezea uvuvi.

Usidhani alikuwa mpole hivyo kwa kila mtu. Kwangu ulimi wake ulikuwa wembe. Wakati mmoja, kwa haraka zangu, niliongeza kasi ya pampu, nikiamini kwamba maji mengi ni hewa nyingi. Asubuhi tulikuta njia zote nyeupe, seli zimebanduliwa ukutani na kuchukuliwa na maji. Alizitazama, akanitazama. "Umeambiwa uwape maji wanywe," alisema, "wewe umewafulia." Lakini msemo wa haraka haraka haina baraka aliuchukia. Mwanafunzi mmoja aliyepasua mayai polepole mno, seli zikafia mezani, alijitetea kwa msemo huo, na Bi Fundi alimjibu kwamba ulegevu nao hauna baraka. Baraka, kwa maoni yake, ziko kwenye kipimo. Alipima hadi tone.

Majirani walimsikia anafanya nyama iwe hai katika chupa, wakamuuliza kama haogopi kuingilia kazi ya Mungu. "Mie yaya tu," aliwajibu. "Mtoto si wangu." Aliswali katika stoo yetu, kati ya maboksi ya glovu, na akitoka hapo alichemsha takataka zote za siku ile kwenye mtungi wa mvuke kabla ya kuziachilia, hata siku mtungi ulipotuweka kazini saa mbili zaidi na mimi nikinung'unika. "Takataka zetu zenda jaani Mwakirunge," alisema, "na Mwakirunge kuna watu wazichakura kwa mikono." Sikunung'unika tena. Au tuseme nilinung'unika kimoyomoyo.

Sasa niseme kosa langu, maana ndilo lililonifanya mtu kwake. Kila asubuhi alipofungua kabati la joto aliuliza, "Wa ndani hawajambo?" Ndivyo kwao mtu anavyoulizwa hali ya jamaa zake waliobaki nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikikata donge moja la kila kundi na kulitazama kati, kwa hiyo mimi ndiye wa kujibu. Na salamu ya namna hiyo, anayeijua pwani anajua, ina jibu moja. Hawajambo. Hata kama mama yuko kitandani na homa, kwanza hawajambo, halafu, baada ya pumzi moja, lakini. Asubuhi moja tulikuwa tunangoja wageni ambao msaada wao ndio uliokuwa ukituwashia taa. Nilikuwa nimechelewa na nimechoka. Sikuwa nimekata kitu. Aliuliza, nami mdomo ukajibu wenyewe, "Hawajambo," na mkono ukaandika hivyohivyo daftarini.

Wageni walipofika Bi Fundi alitoa donge mbele yao, akalipasua, akadondosha ile rangi ya buluu inayoingia seli zilizokufa tu. Katikati yote ikawa buluu. Njia moja ilikuwa imeziba na sehemu nzima ilikuwa imekosa hewa, huenda tangu siku mbili. Bi Fundi hakugeuka kunitazama. "Tumekosa," aliwaambia. "Ndia imeziba na hatukuangalia. Mkirudi mtakuta tumeangalia."

Walipoondoka nililia. Aliniacha nilie, akaosha vyombo, kisha akaja na daftari.

"Mwanangu, salamu ni ya watu," alisema. "Mtu akikwambia hajambo naye yuwaumwa, amekuheshimu. Nyama haina heshima. Nyama hukatwa ikatazamwa."

Nikachukua kifutio. Akanishika mkono. "Usiufute. Upige mstari mmoja, na ulichoandika kisomeke. Chini yake andika ulichokiona." Mstari huo uko mpaka leo, na wanafunzi wangu mimi ninawaonyesha.

Wageni walirudi, na taa hazikuzimwa. Ilituchukua mwaka na zaidi, mishipi ikisogezwa karibu, pampu ikipunguzwa, ute ukibadilishwa, mpaka tukapata donge nene kama kidole changu cha mwisho lililokaa wiki tatu likipiga. Siku ya kulikata hakuna aliyekunywa chai. Alipasua yeye, rangi nikadondosha mimi. Kati palikuwa pasafi, pekundu kidogo, na ukitazama vizuri bado palikuwa pakitikisika. Aliweka kisu chini. "Alhamdulillahi," alisema, akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na glovu, kisha akanigombeza kwamba nimeacha chupa ya mlo wazi. Nilimkumbatia na ugomvi wake hivyohivyo. Nilimpenda mtu yule, na nadhani ndiyo siku niliyoijua.

Kwa hiyo niambieni mtu kama huyo aliwezaje kujifanyia aliyojifanyia. Alikuwa na kisukari kwa miaka, nasi hatukujua. Yeye aliyepima sukari ya seli kwa tone, aliyeweza kukusimamisha saa nzima akikueleza jinsi sukari ikizidi inavyoharibu mishipa midogo, ile ya mwisho kabisa, ya vidoleni na machoni, alikuwa na boksi la haluwa katika droo ya meza yake, chini ya glovu. Alikula kipande kila alasiri kwa kahawa. Ukimtazama kwa jicho la kuuliza alisema kahawa ni chungu, inaisawazisha. Tulicheka. Mimi nilicheka.

Mwaka wake wa mwisho kazini alianza kuchechemea. Mguu umekufa ganzi tu, alisema, kwa kusimama. Adhuhuri moja niliingia stoo nikamkuta amevua kiatu kutawadha, na chini ya unyayo wake wa kushoto kulikuwa na kidonda cha duara, kirefu kwenda ndani, na kipande cha kioo cha kisahani kilichovunjika kikiwa bado humo. Alikuwa hajakisikia.

"Tangu lini, Bi Fundi?"

"Kitambo kidogo."

"Kidogo ni lini?"

"Usinihoji, mwanangu. N'pe kitambaa."

Nikampa kitambaa. Hilo ndilo nililofanya. Nilimpa kitambaa, nikamtoa kioo, nikafunga mdomo, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na alikuwa amenikataza. Nimemkasirikia sana kwa siku ile, na mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi.

Nilikwenda Mishomoroni Jumamosi asubuhi. Bintiye alinipokea mlangoni na kuninong'oneza kwamba gari la shemeji yake liko nje tangu juzi, linangoja mama aseme ndiyo. Sebuleni kulifukizwa udi mwingi kupita kawaida, na chini ya udi kulikuwa na harufu ambayo pua yangu iliijua kazini. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wa kushoto umenyoshwa juu ya stuli na kufunikwa kanga. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuwaonaje mgongo?" Akauliza na pampu, akauliza mlango wa kabati, akauliza kama wale wapya wanachemsha takataka. Nikajibu yote. Kisha akanitazama.

"Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Uje uniambie nikatwe."

"Nimekuja kuutazama," nikasema. "Sijauona, siwezi kusema."

Jibu hilo lilimpendeza, nililiona usoni. Akaiondoa kanga mwenyewe. Vidole viwili vilikuwa vyeusi na vikavu, ngozi ya juu ya unyayo inang'aa, imevimba, na weusi ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kifundo. Nimeona nyama nyingi iliyokosa hewa maishani mwangu. Hii haikuhitaji rangi.

"Najua yaonekana vibaya," alisema haraka, kabla sijafungua mdomo. "Lakini usiutazame kwa nje. Wewe nimekufunza. Ndani mna uhai, nausikia. Daktari wao kijana, aligusagusa juujuu tu, hana subira. Wallahi ningalikuwa siusikii, ningalikwenda mwenyewe. N'jaribu wewe. Nafumba mato. Niguse popote, nikwambie ni wapi. Nikikosa, n'tawasikiza."

Bintiye alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilinawa mikono, nikapiga magoti sakafuni mbele ya stuli. Bi Fundi aliegemeza kichwa, akafumba macho, akayakaza.

Nikawa siwezi kuunyanyua mkono. Nilikuwa na hila moja kichwani, na sitaificha. Ningegusa kisha nikakubali lolote atakalolisema. Ndiyo, Bi Fundi, hapo hapo. Angefurahi, angenipa chai, na kabla mwezi haujaisha tungemzika. Nilibaki nimepiga magoti, natazama ule mguu, natafuta pa kuanzia.

"Hapo," alisema. "Kidole cha pili."

Bintiye aliniangalia. Mimi nilimwangalia Bi Fundi.

"Sasa waja kwenye gumba." Sauti yake ilikuwa imetulia, ile sauti ya kazini. "Taratibu, mwanangu. Mkono wako una baridi."

"Bi Fundi," nikasema, "sijakugusa."

Hakufungua macho upesi. Alipoyafungua hakunitazama usoni. Aliutazama mkono wangu, pale ulipokuwa juu ya goti langu, akautazama muda mrefu. Kisha akamgeukia bintiye.

"Niletee buibui langu," alisema. "Na kiatu cha kulia. Cha kulia tu."